Mkojo unaovuja kwa wanaume: Ni mpira upi unaofaa, na kwa nini kibofu kichunguzwe kwanza?

Base Camp ni kitovu cha biashara na utawala cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Hapa Kiswahili huwakutanisha Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Hata hivyo, lipo jambo ambalo mwanaume husita kulisema kwa lugha yoyote: mkojo unaotoka wenyewe.

Kwa wazee, chanzo mara nyingi ni tezi dume iliyokua kupita kiasi. Kwa wengine ni kiharusi, kisukari au jeraha la uti wa mgongo. Wapo pia walionusurika ukatili wa kingono vitani, ambao madhila yao yamewekwa kwenye kumbukumbu na Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere. Kwao aibu huwa maradufu. Anayeficha hujifunga vitambaa, hupunguza kunywa maji, na taratibu huacha kwenda kanisani au msikitini.

Je, kibofu kimelegea au kimejaa?

Ni rahisi kudhani kwamba mkojo ukivuja, kibofu kimeshindwa kuushika. Wakati mwingine ukweli ni kinyume chake: njia imebanwa, kibofu kimejaa pomoni, na kinachodondoka ni ziada inayofurika, mithili ya pipa lililoachwa chini ya bomba. Hali hiyo ikidumu huweza kuharibu figo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: baada ya kukojoa, kiasi gani kimebaki ndani? Mhudumu wa afya huweza kupapasa tumbo chini ya kitovu, kutumia ultrasaundi, au kupitisha mpira mara moja na kupima kinachotoka.

Ni mpira upi?

Iwapo kibofu humwaga vizuri ila mgonjwa hawezi kuzuia, katheta ya kondomu huweza kutosha. Huvalishwa juu ya uume na kuunganishwa na mfuko unaofungwa pajani. Kwa kuwa haiingii mwilini, hatari ya maambukizi ni ndogo. Sharti uume upimwe kwanza: ikibana hujeruhi, ikilegea huvuja. Kwa kawaida hubadilishwa kila siku, ngozi ikioshwa na kukaushwa. Lakini kumvalisha mtu ambaye njia yake imezibwa ni kuuficha ugonjwa.

Asiyeweza kumwaga kibofu huweza kufundishwa kujipitishia mpira mwenyewe, mara 4 hadi 6 kwa siku, na kuutoa kila mara. Mwaka 1972, Daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alionyesha kwamba usafi wa kawaida wa mikono na kifaa unatosha. Kwa wengi wenye jeraha la uti wa mgongo hii ndiyo njia bora, ingawa maji ya jerikani na nyumba ya chumba kimoja huifanya kuwa ngumu.

Unaobaki ndani ni mpira wenye puto, uitwao Foley. Namba yake ni unene: kila namba ni theluthi moja ya milimita, na wanaume wengi hutosheka na namba 12 hadi 16. Mkubwa zaidi si bora zaidi. Mpira mfupi wa wanawake usitumike kamwe kwa mwanaume, kwani puto huweza kujazwa likiwa bado ndani ya njia ya mkojo na kuipasua. Wa lateksi hukaa takriban wiki 4. Wa silikoni, hadi wiki 12. Maambukizi huongezeka kadiri siku zinavyopita, hivyo kumwachia mtu mpira huu kwa sababu tu ni rahisi kwa wauguzi si uamuzi mzuri.

Njia ikiwa imeharibika, mpira hupitishwa tumboni, juu ya kinena. Kazi hiyo ni ya hospitali kubwa, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara.

Kabla ya kurudi Nakivale, mgonjwa aombe daftari lake liandikwe aina ya mpira, namba yake, tarehe ulipowekwa, tarehe ya kuubadilisha na mahali pa kubadilishia. Mfuko ukae chini ya kibofu, bila kugusa sakafu. Homa yenye kutetemeka, damu nyingi, au mkojo kukoma huku tumbo likiuma ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila kujaribu kuuvuta mpira nyumbani: puto bado limejaa.