Kabla ya Kununua Betri Nyingine

Gari likigoma kuwaka asubuhi mjini Ifakara, lawama huiangukia betri. Vijana wanasukuma, injini inakubali, dereva anakwenda dukani kununua betri mpya. Wiki mbili baadaye anasukumwa tena. Betri ya kwanza haikuwa na kosa. Mkosaji mara nyingi ni alteneta, au waya unaotoka kwenye alteneta, au mkanda uliolegea tu.

Bonde la Kilombero, ulipo mji huo, ni gumu kwa umeme wa magari. Masika Mto Kilombero hutapakaa mabondeni na Mto Lumemo hufurika hadi mjini. Kiangazi barabara za vijijini hugeuka vumbi jekundu. Daraja la mita 384 la Mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 liliondoa adha ya pantoni, lakini dimbwi la njia ya shambani bado liko palepale. Toyota HiAce za zamani zina injini chini ya viti vya mbele, karibu na ardhi, hivyo alteneta hunyweshwa tope. Tope hilo likikauka huziba matundu ya hewa, beringi huanza kulia, na kaboni zinazopeleka umeme kwenye rota huisha mapema.

Uchunguzi unaanza na mita. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma takriban volti 12.6. Injini ikiwaka, usomaji upande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ukibaki 12 na kitu, alteneta haichaji. Ukivuka 15, katauti, yaani kidhibiti cha volti, imekufa na maji ya betri yatachemka mpaka yaishe. Betri ya namna hiyo huuawa na gari lenyewe.

Taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi nayo ina habari zake. Ukifungua switchi lazima iwake, kisha izimike injini ikishika. Isipowaka kabisa, wengi hufurahi. Wasifurahi! Katika magari mengi ya zamani umeme wa kuamsha alteneta hupitia kwenye taa hiyo, na globu ikiungua alteneta inaweza isiamke.

Kuna kosa jingine la kimyakimya: ethi. Waya unaounganisha betri na bodi au injini huota kutu ya kijani, hasa gari likishapita majini. Fundi makini huwasha injini na taa kubwa, kisha hupima kati ya ncha hasi ya betri na ganda la alteneta. Zikionekana zaidi ya volti 0.3, hapo pana kutu au nati iliyolegea. Dawa ni msasa na spana. Na alteneta ikiwa ya moto asubuhi kabla injini haijawashwa, dayodi imevuja na betri inanyonywa usiku.

Kwenye HiAce nyingi za dizeli, alteneta hubeba mgongoni pampu ya vakyumu inayosaidia breki, nayo hulainishwa na oili ya injini. Sili ikichoka, oili huloweka kaboni na koili, na chaji hupotea. Anayefunga alteneta ya petroli isiyo na pampu kwa sababu ni rahisi kupatikana, hupata chaji na kupoteza wepesi wa breki. Hilo ni jambo la roho za watu, na abiria hawana njia ya kulijua.

Magari ya wasafiri yaliyogeuzwa vyumba vya kulala, yanayopita Mang'ula kwenda Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, huongezewa friji na taa. Friji ikinyonya betri ileile ya stata usiku kucha, asubuhi gari halitaitikia. Magari hayo yanahitaji betri ya pili na rilei ya kuitenganisha na ile ya stata injini inapozimwa.

Desturi moja iachwe: kuchomoa terminali ya betri injini ikiwaka ili "kujaribu chaji". Ilifaa enzi za dinamo. Kwenye alteneta, betri ndiyo inayotuliza umeme; ikiondolewa ghafla volti huruka na kuunguza dayodi, katauti, hata redio. Fundi anayeshika terminali kabla ya mita aombwe asubiri, na mwenye gari adai kuonyeshwa namba kabla ya kutoa pesa ya betri mpya.