Uchovu Usioisha kwa Usingizi

MTANGAZAJI: Msikilizaji, kama unasomea udaktari hapa Kampala na unafanya mafunzo wodini Mulago, zijue dalili hizi tatu. Kwanza, unalala lakini unaamka umechoka vilevile. Pili, mgonjwa unamwona kama namba ya kitanda tu. Tatu, unajiona hufai kitu kazini.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hali hii hutokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Si uvivu. Ukinyamaza, unaweza kukosea hata kipimo cha dawa.

Mwambie msimamizi wako mapema, na mpokezane zamu na wenzako. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usikae peke yako: hospitali ya taifa ya afya ya akili, Butabika, iko hapa hapa Kampala.