Kichwa kilichompa bao ndicho kilichomstaafisha

AGOSTI 30, 2008, straika wa New England Revolution, Taylor Twellman, aliruka kupiga kichwa dhidi ya LA Galaxy. Mpira ukatinga nyavuni, ngumi ya kipa ikatua usoni kwake.

Bao likahesabiwa, jamaa akaendelea na mechi. Balaa likaja baadaye: kichwa kinagonga, kichefuchefu, mwanga unamtesa. Wiki zikawa miezi.

Chanzo kilikuwa mtikisiko wa ubongo. Ubaya wake, mara nyingi hauonekani kwenye picha za CT wala MRI. Picha safi, mchezaji hoi. Ndiyo maana daktari anaanza na maswali: uligongwa lini? Ulipoteza fahamu? Unasahau? Kisha anapima macho, kumbukumbu na namna unavyosimama. Ukimficha ile ngumi ya mwezi uliopita, umemfichia jibu.

Twellman, mchezaji bora wa MLS 2005 mwenye mabao 101 ya ligi, alistaafu Novemba 2010 akiwa na miaka 30 tu.

Tangu Julai 2024, sheria za soka zinaruhusu mashindano kuongeza sub kwa aliyeumia kichwa. Kwenye ndondo zetu kuna maji baridi na "kaza, mwanangu!"

Usikaze. Ukigongwa, toka. Ukitapika, ukichanganyikiwa au maumivu yakizidi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Panado inatuliza tu, haikwambii chanzo. Mechi zipo kila Jumapili, kichwa unacho kimoja.