Adui wa Jahazi Aliye Ndani ya Mbao

Mwezi wa Juni 1503, katika safari yake ya nne, Christopher Columbus alilazimika kuzipandisha ufukoni Jamaica merikebu zake mbili za mwisho. Pampu hazikuweza tena kushindana na maji. Tufani zilikuwa zimezitesa merikebu hizo, lakini aliyezimaliza hasa ni kiumbe aliyezitoboa mbao zake zikawa matundu matupu. Mabaharia walikaa hapo karibu mwaka mzima kabla ya kuokolewa.

Kiumbe huyo ni teredo. Kwa umbo hufanana na mnyoo, na hivyo ndivyo mabaharia wengi walivyomwita. Kwa hakika yeye ni moluska, ndugu wa chaza na kombe. Gamba lake limepungua likawa vipande viwili vidogo vya kichwani, navyo huvitumia kama tupa ya kukwangulia mbao. Huingia katika ubao akiwa angali lava, kwa kitundu ambacho ni vigumu kuonekana kwa macho, kisha hukua humo humo na kuchimba mfereji unaoweza kuwa mnene kama kidole. Ubao ulioliwa vibaya huonekana mzima kwa nje, na hapo ndipo penye hatari. Selulosi, iliyo sehemu kubwa ya mbao, ni chakula kigumu kumeng'enywa. Teredo husaidiwa na bakteria waishio katika matamvua yake. Mwaka 1983 wanasayansi walieleza bakteria wa namna hiyo, ambao huvunja selulosi na pia hunasa naitrojeni, kitu kilicho adimu sana katika mbao.

Jamaa za teredo wamejaa katika maji ya vuguvugu ya Bahari ya Hindi, hasa penye mikoko. Majahazi ya zamani yaliyotoka Oman kwa upepo wa kaskazi yalisafiri karibu kilomita 4,000 hadi Unguja, yakangojea kusi ya kurudia kwao, na muda huo wote yalikuwa yakiliwa. Nahodha aliyeanza safari ya kurudi bila kukitengeneza chombo alihatarisha roho za watu wake, kwani katikati ya bahari hakuna pa kukipweleza.

Kupweleza ndiyo njia ya kulifikia tumbo la chombo. Huko Unguja tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hufikia takriban mita 4. Tena, kwa bahati njema, maji ya bamvua hujaa yapata saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Basi mafundi hupata mwanga wa kutosha. Chombo hukaa juu ya mchanga kikishikiliwa na magadi. Hata hivyo siku ya kukipandisha yataka hesabu. Anayekipandisha siku ya kilele cha bamvua huenda akaona maji ya siku zinazofuata hayakifikii tena, akakwama mpaka bamvua lijalo, yaani wiki mbili hivi. Nahodha mwangalifu hutangulia siku mbili tatu, ili kila maji yajayo yawe makubwa kuliko yaliyopita.

Maji yakishapwa, chombo hukwanguliwa majani ya bahari na magamba, kisha hupitishiwa moto wa makuti makavu. Kuanika peke yake hakutoshi, maana teredo huziba mlango wake kwa vifuniko viwili na kuweza kuishi siku nyingi nje ya maji. Baada ya moto hupakwa deheni, yaani mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na chokaa. Hapa pana somo la kemia. Mafuta yakikutana na magadi ya soda hutoa sabuni inayoyeyuka majini. Yakikutana na chokaa hutoa sabuni ya kalsiamu, isiyoyeyuka. Ni ule ule utandu mweupe unaoganda kwenye beseni mtu anapofua kwa maji magumu. Utandu unaomuudhi mfuaji ndio unaomzuia lava wa teredo asiufikie ubao. Deheni hubanduka baada ya miezi michache, nayo hupakwa upya.

Waingereza walijaribu njia nyingine mwaka 1761, walipoifunika manowari yao Alarm kwa mabati ya shaba. Teredo alishindwa, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ililika haraka: madini hayo mawili ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na chuma ndicho kinachopotea.

Chombo kikiwa safarini, kazi iliyobaki ni ya kalafati. Pamba iliyochovywa katika sifa hushindiliwa kati ya ubao na ubao. Ubao ukinywa maji hutanuka sana kwa upana na kidogo mno kwa urefu, jambo ambalo wanafunzi wanaweza kulipima kwa kuloweka kipande cha mbao kavu kwa wiki moja. Ndiyo sababu mbao za juu, zilizokaushwa na jua kwa siku nyingi, huachana, na chombo kikilalia upande huo maji hupenya. Mabaharia huzimwagia maji ya bahari ili zisikauke.

Yanayotokea chini hayaonekani, ila hupimwa kwa ngama, yale maji yanayokusanyika ndani ya chombo. Kila asubuhi ndoo zinazofuliwa huhesabiwa. Zikiwa sawa na za jana, safari huendelea. Zikiwa zimezidi na bahari imetulia, nahodha huanza kutazama ni bandari gani iliyo karibu.