KIFUNDO CHA MUGUU CHA MUTOTO ALIYEKUWA ASKARI MAREKANI

Wamama wengi wanaokuja kupimisha watoto uzito wako na ndugu kule Marekani, ao mutoto mukubwa. Marekani ilipokea wakimbizi wengi wa Kongo, na vijana wao waliopata karatasi ya kukaa siku zote wana ruhusa ya kuingia jeshi la kule. Halafu siku moja simu inalia: «Mama, muguu unaniuma mpaka leo, na serikali imekataa kunilipa.» Mama anasikia uchungu, lakini hajui amwambie nini. Iko kitu cha kumwambia, na iko hata kazi ya mama mwenyewe ndani yake.

Kwanza, gusa kifundo chako. Unasikia mifupa miwili imetokeza, mumoja ndani, mwingine inje. Hiyo ni miisho ya mifupa miwili ya muguu wa chini, na katikati yake umeingia mufupa mwingine wa unyayo, kama muchi katika kinu. Kano ngumu zinaifunga isiachane. Askari anatembea saa nyingi na muzigo muzito mugongoni, anaruka toka kwenye kamyo, anakanyaga shimo usiku. Unyayo unageuka ndani, na kano za upande wa inje zinavutika ao zinapasuka. Watu wanasema: «Ameteguka tu, itapona.» Mara nyingi inapona kweli. Lakini kano isiyopona vizuri inabaki imelegea, muguu unateguka tena na tena, na kisha miaka kiungo chenyewe kinalika na kukauka. Ndiyo sababu kijana wa miaka 35 anashuka ngazi kama muzee.

Serikali ya Marekani iko na idara ya askari wa zamani, inaitwa VA. Idara hiyo inalipa feza kila mwezi kwa askari aliyeumia katika kazi, na feza hiyo haikatwi kodi. Lakini hailipi juu ya huruma. Inataka vitu vitatu: ugonjwa uwepo leo, jambo fulani liwe lilitokea wakati wa jeshi, na munganga aonyeshe kamba inayofunga vile viwili pamoja. Wengi wanakataliwa juu ya hiki cha tatu. Wanaleta radio ya kifundo, wanaleta karatasi ya jeshi, lakini hakuna munganga aliyeandika kwamba maumivu ya leo yanatoka katika ajali ile.

Kisha VA inamwita kwa munganga wake. Asipokwenda siku ile bila sababu ya kweli, anaweza kukosa yote. Munganga anapima kwa chombo ginsi kifundo kinavyopinda. Kifundo kizima kinainuka juu degre 20 na kushuka chini degre 45. Kikiinuka chini ya degre 15, ao kushuka chini ya degre 30, wanahesabu ulemavu wa 10 kwa mia. Kikiinuka chini ya degre 5, ao kushuka chini ya 10, wanahesabu 20 kwa mia. Kiungo kilichokauka kabisa, kisichopinda hata kidogo, kinaweza kufika 40. Tangu mwezi wa 12 wa mwaka 2024, 10 kwa mia ilikuwa dola 175 kwa mwezi, na 20 ilikuwa dola 346, na hesabu hiyo inapandishwa kufuatana na bei ya vitu.

Hapa vijana wetu wanajiharibia. Tumewafundisha tangu udogo kwamba mwanaume halalamiki. Munganga anauliza: «Unaumwa?» Naye anajibu: «Kidogo tu.» Mama, umwambie aseme kweli yote: kinauma tangu wapi, kinavimba siku gani, siku mbaya inamuzuia kufanya nini. Sheria yao inataka maumivu yahesabiwe, na siku mbaya pia, si siku nzuri ya kupima peke yake. Lakini asiongeze uongo. Munganga anaangalia hata ginsi anavyoingia mulangoni.

Barua ya kukataa ikifika, asiitupe. Tangu mwezi wa 2 wa 2019 kuna njia tatu, na kwa kawaida ana mwaka mumoja toka tarehe ya barua. Akiwa na ushuhuda mupya, kama vile karatasi ya munganga iliyokosekana, anaomba tena kwa njia ya ushuhuda mupya. Akiona kwamba walisoma vibaya vile walivyokuwa navyo, anaomba mukubwa wa kazi aangalie upya, lakini hapo haruhusiwi kuongeza kitu. Njia ya tatu ni kwenda mbele ya waamuzi wa Baraza la Rufani, inakawia sana. Akifuata moja ya njia hizo ndani ya mwaka, na mwishowe akashinda, kwa kawaida malipo yanahesabiwa toka siku aliyoomba mara ya kwanza. Akingoja kupita mwaka, miezi hiyo yote inaweza kupotea.

Asilipe mutu juu ya kuandika ombi la kwanza. Sheria inakataza kudai feza kwa kazi hiyo, na vyama kama American Legion na DAV vinasaidia bure. Wanaokuja kwa simu na kuomba sehemu ya malipo, awaepuke.

Sasa kazi ya mama. VA inapokea maneno ya mutu aliyeona kwa macho, hata kama si munganga. Wewe ulimuona mutoto akicheza mupira bila kuchechemea mbele ya jeshi. Ulimuona alipokuja likizo, akikaa kitandani na muguu juu ya mito. Andika hayo, na mwaka wake. Usiandike jina la ugonjwa. Hiyo ni kazi ya munganga. Na kama alivunjika kifundo hapa nyumbani angali mutoto, usifiche: jeshi likizidisha ubaya wa muguu, sheria inaweza kulipa kile kilichozidi.

Kuna jambo jingine ambalo wachache wanalijua. Mutu anayechechemea miaka mingi anaharibu pia goti, kiuno na mugongo, na hayo yanaweza kuombewa. Hesabu yao ni ya ajabu kidogo: 20 ya kifundo na 10 ya goti haifanyi 30 moja kwa moja. Wanatoa 20 katika 100, inabaki 80. 10 kwa mia ya 80 ni 8. Jumla 28, wanapandisha 30. Na kuanzia 30, askari anaongezewa feza kwa bibi, watoto, na hata muzazi anayemutegemea, kama mapato ya muzazi ni madogo kweli na yameonyeshwa kwa karatasi.

Karatasi zinapotea hata kule. Katika mwezi wa 7 wa 1973 moto uliunguza mamilioni ya vitabu vya askari katika jengo la serikali karibu na St. Louis. Mutoto asitegemee jeshi limutunzie yote. Akutumie kopi, uiweke pamoja na fishi yake ya utoto. Barua yako uitie tarehe na sahihi, mutu anayejua Kiingereza aitafsiri, kisha utume zote mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza.