Utunzi wa Hadithi kwa Wanafunzi Wenye ADHD

ADHD ni hali ya ubongo inayoanza utotoni na kumfanya mtu apate shida ya kutulia, ya kusikiliza kwa muda mrefu au ya kujizuia kabla ya kutenda. Hukadiriwa kuwapata watoto 5 hivi katika kila 100. Wapo wasiokalika kitini, wanaojibu swali kabla halijaisha. Wapo pia wakimya, macho yao dirishani, wasichana wengi wakiwamo. Hao huchelewa kutambuliwa kwa kuwa hawamsumbui mtu.

Insha huwafichua wote. Kuandika kunadai kushika wazo kichwani, kuchagua maneno, kukumbuka tahajia na kuendesha kalamu, yote kwa mkupuo, na kumbukumbu ya muda mfupi inayobeba mzigo huo mara nyingi ndiyo iliyo dhaifu kwa watoto hawa. Hivyo mtoto husimulia kisa kirefu chenye vituko wakati wa mapumziko, kisha darasani akakabidhi mistari minne. Chini yake huandikwa “ongeza bidii”, agizo lisilomwonyesha pa kuanzia.

Mawazo, hata hivyo, hayamwishii. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Holly White na Priti Shah, walichapisha ulinganisho wa watu wazima wenye ADHD na wasio nayo. Wenye ADHD waliwapita wenzao katika kubuni matumizi mapya ya vitu vya kawaida, lakini wakaachwa nyuma katika zoezi la kutafuta neno moja linalounganisha maneno mengine. Matokeo hayo hayamfanyi kila mwenye ADHD kuwa mtunzi. Yanaonyesha kwamba kutawanyika kwa fikra, kunakoharibu hesabu, kunaweza kuifaa hadithi.

Dav Pilkey, aliyezaliwa Ohio mwaka 1966 na mwenye ADHD pamoja na disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kutamka maneno yaliyoandikwa, alikuwa akitolewa nje ya darasa mara kwa mara. Akiwa huko kwenye korido alichora katuni za shujaa anayevaa chupi. Mwalimu mmoja alizichana na kumwambia hawezi kuishi kwa kutunga vitabu vya kipuuzi. Kitabu cha kwanza cha shujaa huyo, Captain Underpants, kilitoka mwaka 1997. Rick Riordan, aliyekuwa mwalimu huko Texas, alipita njia nyingine. Alimtungia mwanawe mwenye ADHD kisa cha Percy Jackson, kijana asiyetulia kwa sababu mwili wake umeumbwa kwa vita. Kitabu kilichapishwa mwaka 2005. Ni hila nzuri, ingawa ina mpaka: mtoto anayepoteza daftari kila wiki anahitaji msaada, si sifa za ushujaa tu.

Darasani, hatua yenye faida kubwa ni kutenganisha wazo na kalamu. Mwanafunzi husimulia kwanza, mwenzake akaandika au simu ikarekodi, au huchora matukio katika visanduku kabla ya sentensi yoyote. Vipindi vifupi vyenye mapumziko humfaa kuliko saa nzima. Watafiti Karen Harris na Steve Graham, walioanza kuunda mbinu yao ya kufundisha uandishi miaka ya 1980, hufundisha maswali saba ya kupanga hadithi: mhusika ni nani, wapi, lini, anataka nini, nini kinatokea, mambo yanaishaje, naye anajisikiaje. Maswali hukaririwa hadi karatasi isihitajike. Kisha mwanafunzi hujiwekea lengo na kukagua kazi yake mwenyewe.

Hapaswi kulazimishwa kuandika kuhusu ADHD yake. Si kila mtoto anayetaka hali yake isomwe mbele ya darasa, na mhusika wa kubuni humwachia uhuru wa kusema kiasi anachotaka. Anayependa kumpa sungura miguu isiyotulia, na ampe.

Utunzi hauchukui nafasi ya dawa, pale daktari anapoziandika, wala ya mafunzo kwa wazazi na walimu. Usahihishaji nao hufanywa kwa awamu: kisa husomwa na kujibiwa kwanza, mpangilio hufuata, na tahajia huja mwisho, siku nyingine, kwa makosa machache kwa wakati mmoja.