Paa la Kuonea Nyota

Mtu aliyezaliwa Machochwe hafundishwi dungu ni nini. Ikifika Juni mahindi yanakomaa, Hifadhi ya Serengeti haiko mbali, na tembo hunusa mavuno kabla mwenye shamba hajatafuta magunia. Unasimika nguzo, unatandika fito, unaezeka majani, unapanda na debe, kurunzi na blanketi moja. Paa lenyewe ni la kulipua, maana litakaa miezi miwili tu. Ukilala chali unaziona nyota kwenye mianya, na mvua ikija inakukuta humo humo.

Nimelala madunguni tangu nina miaka tisa. Sikujua kuna watu ambao dini yao inawaamuru kujenga kitu cha namna hiyo kila mwaka, waketi ndani na wafurahi.

Oktoba 2014 nilikuwa dereva wa lori. Tulipakia dagaa Musoma, tukavukia Sirari, tukapita Kisii, Kisumu, Busia hadi Tororo. Ijumaa tarehe 10, tukikaribia Mbale, difu ikagoma. Fundi akasema hadi Jumatatu. Utingo akabaki na mzigo, nami, kwa kuwa ni Msabato, nikaanza kuulizia kanisa kabla jua halijazama. Kijana wa bodaboda akaniuliza kama nasali Jumamosi. Nikamwambia ndiyo. Akanipandisha kilima cha Nabugoye, akanishusha mlangoni mwa sinagogi, akachukua hela yake na kuondoka.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Kenya, Kiswahili chake cha barabarani kama changu, alicheka mpaka akashika kiuno. "Karibu, ndugu dereva. Umekosea nyumba, lakini siku umeipata." Aliponiuliza nimebeba nini nikamwambia dagaa. Wana magamba? Wanayo, madogo. Basi hao ni halali, akasema. Kambare? Nikamwambia kwetu Wasabato wa Mara tumekua bila kambare wala kamongo. Hapo tukawa jamaa.

Hao wanaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Si wahamiaji, ni watu wa hapo hapo. Aliyewaanzisha ni Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda, kisha akaona hapewi heshima aliyoitarajia. Akageukia Biblia. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia kutahiri ni mambo ya Wayahudi. Akajibu kwamba kama ndivyo, basi yeye ni Myahudi. (Mkurya akiisikia hadithi hii hutabasamu, kwetu mtu amekuwa mtu kwa kisu tangu zamani, na hakuna aliyetuita Wayahudi.) Mwaka uliofuata akapita Myahudi mmoja aitwaye Yosef, akakaa nao miezi kama sita, akawafundisha sala na kalenda.

Kalenda hiyo ndiyo mlango wa kuielewa dini yao. Miezi inafuata mwezi wa angani, kwa hiyo mwaka una siku 354 hivi. Wangeacha hivyo, sikukuu zingezunguka misimu yote kama Ramadhani. Lakini Pasaka yao imefungwa kwenye mavuno ya shayiri na Sikukuu ya Vibanda kwenye mavuno ya mwisho, basi mara 7 katika kila miaka 19 wanaongeza mwezi wa kumi na tatu ili mbingu na shamba visipishane. Na siku huanza jua linapozama. Hilo halikunishangaza: saa zetu za Kiswahili nazo zinahesabiwa toka machweo, na kwa watu wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa.

Ilikuwa siku ya pili ya Sikukuu ya Vibanda. Nyuma ya nyumba yake mzee alikuwa amesimamisha fito na kuezeka matawi. Nikatazama juu. Matawi yalipishana ovyo. Nikajitolea kumsaidia kuezeka vizuri asubuhi, akanizuia. Sheria inataka paa liwe la kitu kilichoota ardhini na kukatwa, kivuli kiwe kingi kuliko jua, na nyota zionekane. Paa likiwa zito kiasi cha kuzuia mvua kubwa, hiki si kibanda tena, ni nyumba. Siku saba wanakula humo, wakikumbuka jangwa, na ndiyo sikukuu inayoitwa majira ya furaha. Sabato inayoangukia kati ya siku hizo, watu wengi husoma Mhubiri, yule anayesema yote ni ubatili. Furaha na Mhubiri juu ya meza moja!

Mishumaa ilishawashwa. Tulikula matoke na maharage. Saa mbili na ushei mwezi ukachomoza umemeguka kidogo, maana sikukuu huanza ukiwa mpevu. Kisha manyunyu yakaanza kuingia kwenye sahani. Mzee akaniambia wahenga wao waliruhusu kukimbia chakula kikiharibika, lakini hawakuifurahia mvua hiyo: ni kama mtumishi anayemletea bwana wake kikombe, bwana akammwagia usoni. Mvua wanaiombea siku ya nane, baada ya kutoka kibandani. Sisi Machochwe wakati huo nasi tunatazama mawingu ya vuli.

Nilimwuliza kwa nini mtu mwenye bati zuri ajitese. Hakunijibu moja kwa moja, alinisimulia Amin. Alipiga marufuku dini yao, wakawa wanasali kwa kujificha, wengi wakahama dini. Kisha Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ile ile Pasaka ilikuwa inaingia. Pasaka ni usiku wa kula mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu, mtoto anauliza maswali, na kila mmoja anatakiwa ajione kama aliyetoka Misri yeye mwenyewe. "Wengine wanajitahidi kujiona," akasema. "Mimi nilitoka." Nikamwambia baba yangu mdogo alikuwa katika jeshi la Tanzania lililoingia Uganda. Aliinuka, akanipa mkono, akauacha wake ndani ya wangu muda mrefu.

Nadhani hapo nilianza kuelewa. Mimi nimehubiriwa jangwa maisha yangu yote nikiwa nimekaa kwenye benchi. Hawa wanalowa.

Tatizo la kuketi kwenye dungu ni kwamba unakumbuka madungu mengine. Julai 1998 kaka yangu alisafiri akaniachia shamba lake nilinde. Jumapili tarehe 12 ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Brazil. Nikapanda baiskeli hadi Mugumu, kwenye banda la video la jenereta. Zidane alipiga vichwa viwili, Ufaransa ikashinda 3–0, na tembo wakala eka mbili. Toka siku hiyo tulisalimiana misibani tu.

Nilimweleza mzee. Akaniambia mwezi mzima wa Eluli, kabla ya mwaka mpya, wanapuliza pembe ya kondoo kila asubuhi isipokuwa Sabato, ili watu waamke watafute waliowakosea. Siku ya Upatanisho wanafunga toka machweo hadi usiku wa pili, saa 25 hivi. Lakini mfungo huo unafuta ya mtu na Mungu. Ya mtu na mwenzake haufuti mpaka uende ukamridhishe, na akikataa urudi, hadi mara tatu.

"Na siku hiyo imeshapita," nikasema, kwa nafuu kidogo.

"Ilikuwa Jumamosi iliyopita. Ila tunasema hukumu haitiwi muhuri wa mwisho hadi siku ya saba ya Vibanda. Jumatano."

Mimi si Myahudi, hakuna muhuri uliokuwa unanisubiri. Hata hivyo Jumatatu difu ilipopona nilishusha dagaa mbio mbio na kukanyaga mafuta. Jumatano alasiri nilimkuta kaka anatia mpini kwenye jembe. Niliyasema yote nikiwa nimesimama: fainali, baiskeli, eka mbili. Alisikiliza akigongagonga mpini. Mwishowe akauliza, "Nani alishinda?"

"Ufaransa."

Akaendelea na jembe. Mke wake aliniletea uji, nikanywa, nikaondoka. Nikahesabu hiyo ni mara ya kwanza kati ya tatu.

Julai 2015 nilikuwa Sirari nikisubiri karatasi za forodha, simu ikaita. Ni yeye.

"Mdogo wangu, mahindi yamekomaa na jana tembo wamevuka. Zamu yako. Njoo na blanketi."